Mikono Miwili ya Kushoto

Jumatatu, 3 Machi

Kliniki na Baba asubuhi. Nesi karudia yaleyale: kusahau kwake bado si kwingi, msimnyang'anye kazi. Msimhoji leo ni siku gani, jana alikula nini—mnamtia aibu bure. Na kila afanyalo aliandike. Basi nimelitia uzi daftari dogo la kijani, analivaa shingoni. Fundi wa miaka hamsini kwenye cherehani! Anasema sasa kabaki kupewa filimbi, awe refa. Nilicheka, kisha jikoni nikalia kidogo, kisha nikarudi dukani, chumba cha mbele.

Tumekata koti la bwana harusi, mimi na Baba, kila mtu na vipande vyake. Katikati kaka akapiga simu. Nikaibana begani, mkasi unaenda, mdomo unaenda. Anataka tufunge duka, Baba akakae kwake, apumzike. Nikasema bado. "Unasubiri nini, ajikate kidole?" Hasira hazijaniisha mpaka sasa.

Jumanne, 4 Machi

Siku nzuri. Dawa kameza bila kukumbushwa. Kauliza mara tatu kama mlango wa nyuma umefungwa, nikajibu mara tatu, sikununa. Nimechungulia daftari: "Nimeshona vifungo kumi na viwili. Fundi mdogo ana kisirani leo." Fundi mdogo ndiye mimi!

Jumatano, 5 Machi

Balaa. Bwana harusi kaja kujaribu koti—mikono yote miwili ni ya kushoto! Ule wa kulia umejipinda kwa nyuma, kijana wa watu kasimama mbele ya kioo hajui acheke au alie. Harusi Jumamosi. Kitambaa hakijabaki hata cha mfuko.

Nilimgeukia Baba mbele ya mteja. "Baba, umefanya nini?" Akalitazama koti, akanitazama. "Ni mimi?" Nikamjibu, nani mwingine! Akafungua daftari, akapekua. Hakuna kitu kuhusu mikono. Akasema labda hakuandika. Nikampokonya kalamu mkononi, nikamwandikia mwenyewe, herufi kubwa: JUMATATU ULIKOSEA MIKONO YA KOTI. USIKATE TENA.

Mkasi nimeuficha kabatini. Kisha nikampigia kaka, nikamwambia ameshinda. Atakuja Jumapili kumchukua.

Alhamisi, 6 Machi

Baba hali chakula vizuri. Anausoma ule ukurasa, anasahau, anausoma tena, na kila akiusoma ni habari mpya. Anakuja kuniomba radhi. "Fundi mdogo, kumbe nimekuharibia kazi." Mara nne leo! Namwambia yameisha. Yataishaje, na daftari liko shingoni?

Ijumaa, 7 Machi

Sijui nianzie wapi.

Bwana harusi kaleta kitambaa kingine, rangi inakaribiana. Nikautoa mkasi, nikaanza kupima mkono mmoja. Baba alikuwa kwenye kiti chake tangu asubuhi. Akainuka. "Mbona unakata kimoja kimoja?" Akakikunja kitambaa uso kwa uso, akakilaza, akakipapasa mikunjo, akanyoosha kiganja kama alivyokuwa akifanya nikiwa mdogo. Mkasi. Nikampa kabla sijafikiri. Akapita na tabaka mbili kwa pamoja, hakusimama hata kwenye kona. Wa kulia huu, wa kushoto huu.

Ndipo nilipoelewa. Baba hukata hivyo tangu sijazaliwa. Hawezi kukata miwili ya upande mmoja, hata umlipe! Anayekata kimoja kimoja ni mimi, eti nabana kitambaa. Jumatatu. Simu begani. Nilikata wa kwanza, nikasahau kugeuza karatasi ya kipimo, nikakata wa pili. Nilisahau mimi! Na hata kusahau kwenyewe nikakusahau, maana mtu wa kulaumu alikuwa karibu.

Baba kaandika: "Nimekata mikono. Samahani, nilikatazwa."

Sijamwambia. Nimefagia duka mara mbili.

Jumamosi, 8 Machi

Bwana harusi katuma picha, kapendeza hasa. Baba kaingia kuoga, daftari kalining'iniza kwenye kitasa. Nililishika. Kuuchana ule ukurasa ni sekunde moja tu. Nikaliacha. Nikiuchana kwa siri nitakuwa nimemchezea tena.

Nampigia kaka, hapokei. Kisha ujumbe: kesho saa tatu, Baba awe tayari. Mwoga mimi. Mwoga, mwoga.

Jumapili, 9 Machi

Kaka yuko sebuleni. Mimi niko jikoni, eti nachemsha chai. Naandika harakaharaka.

Nimesema! Nimesema mbele ya wote wawili: Baba hakukosea, mikono niliikata mimi. Kaka akatikisa kichwa. Anajua nampenda Baba, anasema, lakini kumfichia si kumsaidia. Nikapandisha sauti. Naye akapandisha. Baba akatuamua—kafungua daftari, kasoma ule ukurasa kwa sauti, taratibu, mpaka mwisho. Nikamwambia, "Baba, huo ni mwandiko wangu. Nilikuandikia uongo." Akausogeza ukurasa karibu na macho. Akanishika bega. "Usijibebeshe, mama. Mimi nasahau. Hili halisahau."

Begi liko mlangoni. Baba kalifunga mwenyewe tangu alfajiri.

Chai imechemka, imemwagika, iache. Nimechukua mkasi. Nimechukua shuka kuukuu. Nitalitandaza mezani, nitamwambia kaka akae, asiseme neno, amwangalie tu Baba akikata. Akishaona, ndipo—

Kaka anaita, anauliza viatu vya Baba viko wapi. Sijui. Nimevihamisha vitu vyote wiki hii.

Baba anamjibu yeye: chini ya cherehani, upande wa kulia, nyuma ya kopo la vifungo.

Kaka kaingia dukani, kainama. Vipo.