Shpilkes za Fradl

Brooklyn, 4 Februari 1957

Mama mpendwa,

Nisamehe kwa kukaa kimya tangu sikukuu ya Hanuka. Kila nikishika kalamu, Gitl anaamka au maziwa yanafurika jikoni. Natumaini goti lako limepata nafuu na baridi ya Montreal haijakumaliza. Sisi hatujambo, ila mimi usingizi umenihama.

Mama, siwezi kukaa. Nikikaa nainuka, nikiinuka nazunguka meza, nafungua kabati, nalifunga. Mama mkwe Shprintza ananicheka. "Fradl ana shpilkes!" anawatangazia majirani dirishani. Neno hilo hapa ni kama chumvi, halikosi mezani. Mtoto akichezacheza sinagogi, ana shpilkes. Bibi harusi akichungulia mlango, shpilkes. Mendl wangu akingoja bosi apige simu, mama yake anasema, "Huyo ana shpilkes, amekalia pini, mpeni chai." Nami nacheka nao. Lakini mimba ya Gitl niliibeba nimetulia kama gunia la viazi. Sasa, kwa mimba hii, mgongo unabana, unaachia, unabana tena. Hebu niambie, nawe ulikuwa hivi?

Binti yako,
Fradl

Montreal, 11 Februari 1957

Fradele wangu,

Barua nimeipata, goti linakusalimu. Gitl hajambo? Anakula, au bado anatema karoti?

Sasa acha kunitisha. Wewe ulizaliwa na shpilkes! Mimi nilizunguka hivyohivyo, na baba yako alizunguka kunishinda, ungedhani mimba ni yake. Kunywa chai ya limau, keti. Kujifungua ni baada ya Pasaka, haraka ya nini? Na nisisikie umenunua hata soksi. Kitu cha mtoto hakiingii nyumbani kabla mtoto hajazaliwa. Usilikaribishe jicho baya.

Mama yako

Brooklyn, 3 Machi 1957

Mama,

U mzima? Kaa kwanza, ndipo usome.

Barua yako ilifika Alhamisi, nasuka mikate ya Sabato. Nikamwambia mama mkwe, "Mama naye anasema ni shpilkes."

"Si nilikwambia? Suka, binti, suka!"

Nikasuka. Mkate wa pili sikuumaliza. Maji yalimwagika sakafuni, nikadhani nimepindua bakuli. Mama, ulikuwa uchungu! Siku zote zile, ulikuwa uchungu!

Raizl alizaliwa palepale jikoni, mimi nina unga mpaka viwikoni, gari la hospitali halijafika. Nyumba haina nepi, haina blanketi, maana tumefuata mila. Mama mkwe akamwaga vijiko chini, akamlaza mtoto kwenye droo, amemzungushia kitambaa cha meza ya Sabato. Tukaanza kupongezana. Tumbo likabana tena.

"Hiyo ni kondo ya nyuma," akasema.

Haikuwa kondo. Alikuwa mtoto mwingine, Mama. Mwingine! Wa buluu, kimya, mdogo kama kuku wa Ijumaa. Mama mkwe, na mdomo wake wote ule, aliketi sakafuni akaanza kuokota vijiko. Jirani yetu Zlata ndiye aliyemnyakua, akamsugua mgongo huku akimgombeza, "Lia wewe! Lia, mkaidi!" mpaka akatoa kisauti kama cha paka. Mpaka leo nikifunga macho naiona ile rangi yake.

Raizl ninaye hapa. Mwenzake yuko hospitalini ndani ya sanduku la joto. Daktari anasema tusubiri. Sijaruhusiwa hata kumgusa.

Sikulaumu, Mama, nakupenda. Ila mwanamke akikuambia hawezi kukaa, usimpe neno la kumchekesha. Muulize panauma wapi. Gitl akikua, mimi nitamuuliza.

Sabato Mendl alikwenda sinagogi, yakatajwa majina mawili: Raizl na Pesl. Mama mkwe alilia, alitaka tungoje. Sasa ananisihi nikuagize vitu vya mtoto mmoja tu, vya yule wa hospitalini tuviagize akirudi. Najua anaogopa. Nami naogopa, Mama, mpaka maziwa yananikauka. Lakini nimemwambia, mila inasema kabla ya kuzaliwa, na Pesl ameshazaliwa.

Binti yako,
Fradl

Tuma hivi, nami nitaviweka vyote kwenye kabati moja:
kofia za sufu, mbili;
blanketi nene, mbili;
soksi, zile ndogo kabisa, pea mbili;
chupa za maziwa, mbili;
vigauni vya kulalia, viwili.