Kujikana Si Kuacha Sukari

Jumapili jioni.

Eti kujikana ni kunywa chai bila sukari! Pasta wetu hapa Suna amehubiri hivyo leo. Nikasimama.

"Pasta, huyo ninayemkana ni nani? Mimi ni binti wa kutoka Kendu, ni mama Ochieng, ni mjane wa boma hili. Ukiwatoa hao watu, nani anabaki?"

"Nyanya, keti kwanza," akasema. Watu wakacheka.

Wacheke tu. Wakristo wale wa kwanza waliacha baba na boma, hiyo ndiyo nafsi waliyoikana. Sukari!

Mimi nimekataa kurithiwa na shemeji. Wazee wa ukoo wanasema mjane asiyerithiwa hapandi mbegu, nikipanda watanikana. Naogopa, sitadanganya.

Lakini kesho naingia shambani. Wakitaka kunikana, wanikane mbegu zikiwa chini.