Karakana Thelathini na Moja, Paa Moja

4 Februari

Mwanangu mpendwa,

Marahaba. Mimi mzima, isipokuwa goti linalogoma kila nikiona ngazi. Wewe je? Unakula, au bado unashindia chai mbele ya kompyuta?

Kazi ya uwakala uliyonitafutia imenikubali. Tangu nistaafu kulinda tangi la maji la kiwanda nilidhani kilichobaki ni kukaa barazani nikihesabu wapita njia. Wiki hii nimewakatia bima ya moto mafundi seremala wote wa nyuma ya kiwanda, thelathini na mmoja. Jirani yetu Msasa ndiye aliyenitoa jasho. "Mzee," aliniambia, "moto nauogopa kidogo. Kampuni naiogopa zaidi." Nikamjibu kwamba hesabu za kampuni hiyo zinapigwa na binti yangu mwenyewe, yule ambaye yeye Msasa alimtengenezea dawati la shule. Akacheka, akasaini, akawaita wenzake.

Sasa nina swali. Karakana hizi ni thelathini na moja kwa jina tu. Kwa macho yangu ni banda moja refu, paa moja la mabati, na kati ya fundi na fundi kuna ubao wa unene wa kidole. Vumbi la randa ya fundi wa kwanza linatua kwenye vanishi ya wa mwisho. Fomu yenu haina mahali pa kuandika hilo. Niliandike wapi?

Baba yako


19 Februari

Shikamoo Baba,

Pole na goti. Nakula, usiwe na wasiwasi.

Usiliandike popote. Fomu haiulizi paa, nawe usiijibu. Ukiandika banda moja, ada itapanda mara tatu na Msasa wako atarudi kwenye randa yake bila bima. Hesabu yangu inawachukua kama watu thelathini na mmoja wasiojuana. Mmoja akiungua, ada za thelathini zinamlipa, na maisha yanaendelea.

Uliwahi kuniuliza nafanya nini hasa. Fikiria tangi lako. Ada zinaingia kidogokidogo kila siku, kama maji ya bomba. Fidia zinatoka kwa mkupuo, siku yoyote, bila kubisha hodi. Katikati wako wenye hisa, nao wanataka gawio. Nimewachorea mstari. Akiba ikivuka mstari, kinachozidi ni chao papo hapo. Nimekokotoa miezi saba huo mstari ukae wapi ili wapate kingi kuliko vyote wanavyoweza kupata. Mkurugenzi alipiga meza akasema, "Huyu binti ana kichwa!" Nimepewa ofisi yenye dirisha.

Mwanao


6 Machi

Mwanangu mpendwa,

Marahaba, na hongera ya dirisha. Goti liko vilevile.

Nimelinda tangi lile miaka ishirini na sita. Bomba la kumwagia maji yaliyozidi lilikuwa shibiri moja chini ya mfuniko. Mwaka mmoja wakalishusha hadi katikati, ili yanayomwagika yanyweshe bustani ya meneja. Bustani ilipendeza sana. Tangi halikujaa tena. Siku pampu ilipokufa tulikauka saa tano asubuhi, boila ikapasuka, na mfanyakazi aliyekuwa akichemsha rangi akapoteza macho yote mawili.

Kwa hiyo niambie: bomba lako liko wapi? Na hesabu inasema tangi litakauka lini?

Baba yako


22 Machi

Shikamoo Baba,

Natumaini hujambo. Naandika mbio, nina kikao.

Lini, haisemi. Kwamba litakauka, inasema. Ukiweka mstari usiosogea, na kila kinachouvuka ukakigawa, siku ya kukauka ni ya hakika. Inaweza kuwa mwakani, inaweza kuwa baada ya miaka mia. Wanahisabati walilithibitisha hilo kabla sijazaliwa. Sisi hatuulizani kama litakauka, tunaulizana wenye hisa watakuwa wameshakunywa kiasi gani. Mwezi huu wameniomba niushushe mstari kidogo. Nimeushusha.

Usimsomee Msasa barua hii. Mwambie tu atunze cheti chake.

Mwanao


11 Agosti

Mwanangu,

Najua kazi ni nyingi, ndiyo maana sijapata barua yako tangu Machi. Mimi ni mzima.

Alhamisi iliyopita, saa nane mchana, cheche ya mashine ya kunolea iliangukia vumbi kwenye karakana ya tatu. Nilikuwa barazani, nikatazama saa. Baada ya dakika nne paa lilikuwa jekundu. Baada ya dakika arobaini hapakuwa na karakana hata moja. Zimamoto walifika wakayamwagia maji majivu.

Mafundi wote walitoka. Msasa alitoka, akasimama barabarani akijipapasa mifukoni, kisha akarudi ndani. Mkewe alimwita kwa jina lake la utotoni. Aligeuka akapiga kelele, "Cheti! Mzee alisema bila cheti halipwi mtu!"

Ni kweli nilisema. Nilimwambia siku nilipopokea barua yako ya Machi. Nilikuwa nayo mfukoni.

Cheti kilipatikana chini ya kifua chake. Kimeungua pembeni, lakini namba inasomeka. Nimepeleka madai yote thelathini na moja. Watalipwa lini?

Baba yako


2 Septemba

Shikamoo Baba,

Poleni nyote. Mpe pole mke wa Msasa.

Nitakueleza bila kuzunguka. Gawio lilitoka tarehe thelathini na moja Julai. Kilichobaki kwenye akiba kinatosha karakana nne. Hesabu ilikuwa sahihi kwa mioto thelathini na mmoja. Kwa moto mmoja wa namna ile haikuwa na jibu.

Wanasheria wamepata njia. Bima zote ni batili kwa kuwa wakala alificha kwamba paa ni moja. Ripoti wameniandikisha mimi, na nimeisaini. Jina lako limo. Baba, wewe umestaafu, huna kazi ya kupoteza, na hakuna atakayemfunga mzee mwenye goti bovu. Mimi nina miaka thelathini na minne.

Tume ya uchunguzi itakuja huko. Ukiulizwa, barua yangu ya Februari hukuipata. Ichome, pamoja na ile ya Machi. Mama angekuwa hai angekwambia hivyohivyo. Daktari wa goti nitamgharamia mimi, tafuta aliye bora.

Mwanao


20 Septemba

Kwa mtaalamu wa hesabu za bima,

Salamu. Afya yangu ni nzuri na ya goti yaache.

Tume iliketi jana katika ukumbi wa shule. Mafundi walijaa hadi madirishani. Mke wa Msasa alikaa mstari wa mbele. Kabla mwenyekiti hajafungua kikao aliniuliza, "Shemeji, ulijua?" Nikamjibu nilijua.

Nikatoa barua zako mbili. Mwenyekiti aliisoma ya Februari kwa sauti, na pale penye fomu haiulizi paa akarudia. Kisha akaigeuza nyuma na mbele.

"Mzee, hapa hakuna jina," akasema. "Imesainiwa Mwanao, basi. Hata wewe ungeweza kukaa nyumbani ukajiandikia. Mwanao ni nani?"

Fundi mmoja akadakia kutoka nyuma, "Si yule wa dawati?"

Mwenyekiti akamnyamazisha. Alitaka kusikia kwangu. Nilimwomba katibu ashike kalamu. Kisha nikataja majina yako yote matatu, kampuni, ghorofa, na ofisi yenye dirisha. Nilimwendelezea herufi moja moja ili asikosee.

Mashtaka ni mawili, lako na langu. Mimi nilipokea kamisheni thelathini na moja na nikanyamaza tangu Machi, na hayo nimeyasema mwenyewe. Usinitafutie wakili. Wala usitume daktari.

Barua zako zimebaki kwao, ni kielelezo namba tatu na namba nne. Sina nakala.

Wakala namba 417