Maneno ya Malkia Niliyoyaruka

Mama,

Saluni yako hapa Nengo bado iko wazi. Mama Kevine ndiye anayesukia kwenye kiti chako, na Jumamosi wanawake wanabishana kuhusu ile tamthilia yetu kama zamani. Ni lile lile: kwa nini Malkia Ilmera alimfungia mdogo wake lango la mji, akamwacha nje na watoto kwenye baridi.

Timu yako bado ina nguvu. Wanasema ni roho mbaya tu, kwamba wewe ulishamaliza mjadala, kwa sababu binti yako anajua Kiingereza na alisikia kwa masikio yake. Mi nikisikia hivyo najifanya natafuta uzi.

Unakumbuka ile siku? Mguu wako ulikuwa umevimba, uko juu ya mto, mi nakutafsiria. Malkia akapanda ukutani, akasema, akasema, machozi yanamtoka. Ukaniuliza, "Anasema nini?" Na mimi nilikuwa kwenye simu, nachati na mwanaume ambaye leo hata salamu hanipi. Nikakujibu, "Anasema hataki kumuona." Maneno matatu, basi.

Uliurekebisha mto chini ya mguu. Halafu ukasema, "Bon, sawa. Ni kama dada yangu."

Nilijua unamsema Mama mkubwa Espe wa Mudende. Tulipotoka Congo, mi nikiwa mgongoni mwako, ulipiga hodi kwake mpaka mkono ukauma na hakufungua, ingawa ulimsikia anakohoa ndani. Na wiki ile ile ya kipande cha Malkia, Mama mkubwa alikuwa amepiga simu, anaomba kuja kukuona. Ulikuwa umesema utafikiri. Baada ya tamthilia ukaniambia nisimpigie. "Mutu mwenye alifunga mulango hana kitu ya kuniambia." Miezi miwili baadaye tulikuzika. Yeye alisimama nyuma kabisa, hakuthubutu kusogea.

Juzi nimerudia kipande kile peke yangu. Mama, Malkia anasema ndani ya mji kuna tauni. Anasema kila anayeingia atakufa, na kwamba anamfungia kwa sababu ndiye mdogo wake, hana mwingine. Dakika nzima anasema hayo. Mama Kevine hajui Kiingereza, alibahatisha tu kwamba Malkia anampenda mdogo wake, na wewe ukamnyamazisha kwa jina langu.

Nimejaribu kujiambia ni tamthilia tu, kwamba wewe na dada yako mlikuwa na yenu. Haisaidii. Ulikuwa unatafuta sababu, Mama, ndiyo maana ulibishana kila Jumamosi mpaka chai inapoa. Ulitaka mtu akupe sababu moja tu, na mimi nikakunyima kwa uvivu. Naona aibu hata kuandika.

Jana nilipanda Mudende. Nilimkuta Mama mkubwa anachambua mbegu za viazi, nikamuuliza bila kuzunguka. Kwake hakukuwa na tauni. Alisema siku ile ndani hamkuwa na hata kiazi kimoja cha kukupikia, akaona haya, akangoja uondoke. Baadaye akaona haya kusema kwamba aliona haya, na miaka ikapita. Ni hilo tu. Ungemtukana kwanza, halafu ungecheka.

Nikamwambia kosa langu. Hakunigombeza, na ningefurahi angenigombeza. Aliuliza tu kama ile tamthilia bado ipo, anataka kuona kitu ulichokuwa unakipenda.

Donc, basi, Jumamosi anashuka huku kwetu. Kabla hajafika nitasimama saluni niwaambie wote kwamba hukukosea wewe, nilikudanganya mimi. Timu yako itavunjika, unisamehe kwa hilo pia. Kisha nitamkalisha upande wako wa kochi, tuanze kipande cha kwanza kabisa, na simu nitaiacha chumbani.

Pumzika, Mama. Akiniuliza anasema nini, nitamwambia yote.

Binti yako