Pikipiki Haijambo

Jumapili, Julai 1989

Baridi ya asubuhi imekataa kuondoka, na sasa ni saa tisa mchana. Mawingu yamefunika vilima tangu alfajiri lakini hayana habari ya mvua. Nimekaa mezani na koti langu la kanisani, sijalivua. Sina raha.

Kaka yangu Kioko anarudi nyumbani Jumamosi, haondoki tena. Barua yake ilifika Alhamisi. Ina mistari minane, na miwili ni ya pikipiki.

Niandike mambo kama yalivyo, maana daftari hili halina mdomo.

Pikipiki yenyewe si ya kwendea sokoni. Ni nyembamba, kiti chake kama kipande cha mkate, imetengenezwa kwa mchezo wa kupanda mawe. Ilikuwa ya Mzungu mmoja aliyemwajiri Kioko kama dereva kule Kiboko, na aliporudi kwao alimwachia. Katika mchezo huo hukai kitini. Unasimama juu ya vikanyagio, unapanda jabali taratibu, na mguu ukigusa chini umekosa. Kioko alikuwa akipanda lile jabali la nyuma ya kanisa, wazee wakitikisa vichwa huku wakiendelea kutazama. Sijawahi kumwona akigusa chini.

Alipopata kazi bandarini Mombasa, miaka saba iliyopita, alinipa maagizo matatu. Ikae mahali pakavu, tangi lisikauke, na kila Jumapili tukitoka kanisani niipige kiki ingurume kidogo. Hakuwa na nyumba hapa, wala mke. Aliniambia, "Mutiso, hii ndio inaonyesha mimi bado niko hapa."

Niliipiga kiki Jumapili nne. Labda tano, nikijipendelea.

Kwanza petroli iliisha, kisha nikawa mvivu, kisha ukaja mwaka wa ukame. Mama na mke wangu Mwende walikuwa wakitoka gizani kwenda kuchimba maji kwenye mchanga wa mto, wanarudi jua likiwa juu, kamba za mitungi zimewaachia alama kwenye paji la uso. Nikang'oa gurudumu la mbele la pikipiki, nikaunda mkokoteni. Kwa hilo sijuti. Lakini mvua zilirudi, na gurudumu halikurudi. Nikanunua mbuzi, nikawalaza katika kibanda cha pikipiki kwa kuwa ndicho kilichokuwa kikavu. Wakaipanda, wakaikojolea. Jioni nikifunga mlango nilikuwa natazama pembeni.

Ningeweza kumwambia. Mimi ni mwalimu, barua zote za nyumba hii naandika mimi. Na barua zetu huanza kwa njia moja: Mama hajambo, watoto hawajambo, mifugo haijambo, hofu ni kwako tu. Katika barua ya kwanza niliongeza kwa utani, "na pikipiki haijambo." Siku hiyo ilikuwa kweli. Katika ya pili nikaandika tena. Baadaye ikawa mazoea, siwezi kuandika jina la Mama bila pikipiki kufuata. Miaka saba, naye hajaja nyumbani hata likizo moja! Jumanne iliyopita nilimpa mwanafunzi adhabu ya kufyeka nyasi kwa sababu alinidanganya. Alifyeka vizuri sana, na mimi nikasimama pale nikimtazama.

Njia ya mwongo ni fupi, wanasema. Yangu imefika Jumamosi hii.

Jana nilimleta Musyoka, fundi wa pikipiki kutoka Salama. Nilipofungua kibanda alisimama mlangoni kwanza.

"Mwalimu, hii ulikuwa unaifuga ama?"

Alijaribu kiki, haikusogea hata kidogo. Pistoni imeshikana na silinda. Mkojo wa mbuzi umekula injini upande wa chini mpaka imekuwa kama ugali ulioungua. Aliizunguka mara mbili, akajipangusa mikono.

"Wacha nikuambie ukweli. Kuifanya ing'are mpaka Jumamosi, hiyo naweza. Napiga rangi, narudisha gurudumu, unaisimamisha hapo nje. Mtu akiiona atafikiri ni mpya. Lakini kunguruma, hapana. Hiyo ni kufungua injini yote, pole pole, miezi mingi. Na sijui kama inafaa hiyo shida yote."

Nilichagua rangi.

Sikufikiri hata muda wa kumeza mate. Mwende aliyekuwa akipepeta maharagwe pale uani aliniuliza, bila kuinua kichwa, "Na akiipiga kiki, Baba Mwikali?" Jibu nilikuwa nalo tayari. Ningesema iliharibika wiki hii hii.

Leo baada ya ibada nikakutana na jirani yetu Mbithe. Mumewe alipata kazi Mombasa mwaka huu, na yeye ametoka kumtembelea.

"Baba Mwikali, kaka yako nimemwona," akasema. "Anawasalimu. Na ule mguu amezoea, tumshukuru Mungu. Siku hizi anatembea na fimbo moja tu, si zile mbili."

Nikasema ndiyo, tunamshukuru Mungu. Niliitikia kama mtu anayejua. Kisha nikawa namchokoza maneno kidogo kidogo, nisionekane mjinga, mpaka nikapata yote. Sanduku la mzigo lilimwangukia Kioko bandarini mwaka wake wa tatu kule. Alilala hospitalini miezi minne. Goti la kulia halikunjiki tena.

Nimefika nyumbani nikatoa barua zake zote kwenye mkebe wa biskuti. Kila moja inasema, "Mimi kwangu sijambo, hofu ni kwenu tu." Mwaka ule wa tatu kuna miezi hakuandika kabisa, kisha akaandika kwamba kazi zilikuwa nyingi. Sikumwuliza lolote. Na leo nikiri: nilifurahi alipokuwa kimya. Mtu asiyeandika hakuulizi habari za pikipiki.

Ile mistari miwili ya Alhamisi inasema: "Nisalimie pikipiki. Jumapili ya kwanza nitaipiga kiki mwenyewe." Mguu wa kiki ni wa kulia. Aliandika hivyo akijua. Naye amejipaka rangi, kwa ajili yetu, na nimeona aibu mpaka masikio yamewaka moto.

Musyoka aliuliza kama inafaa hiyo shida. Kwa kupanda jabali, haifai. Kwa kuing'arisha ili nisiulizwe, haifai kabisa. Lakini mikono ya kaka yangu ni mizima, na injini hiyo anaijua kuliko fundi yeyote wa Salama. Kuifungua si kazi ya goti. Aamue yeye. Mimi nitashika anachoniambia nishike, miezi au miaka.

Nimewatoa mbuzi na kufagia kibanda. Nimeng'oa gurudumu kwenye mkokoteni, nikaliegemeza ukutani bila kulifunga, lionekane lilivyo. Mama ameuliza kesho maji yataletwa na nini. Nimemwambia nitayabeba mimi. Amecheka sana, bado namsikia akimsimulia Mwende.

Kesho kabla ya shule nitapita Salama nimwambie Musyoka rangi aiache.

Jumamosi Mama atataka Kioko anywe chai kwanza, na ni haki yake. Nitamwomba anipe dakika chache. Nitampeleka kaka kibandani, nimwambie yote, kuanzia ile Jumapili ya tano. Kisha nitamwuliza mguu. Najua atakachojibu, atasema hajambo. Safari hii sitaitikia. Nitageuza ndoo nikae, nimwulize tena, na ninyamaze mpaka amalize.