Jogoo Uliyempa Bwana wa Bima

Mama yangu, mwenye moyo mkubwa kupita kiasi,

Huu ni mwaka wa pili umelala huko nyumbani, na bado nina neno na wewe. Nilingoja hasira ipoe. Haijapoa.

Unakumbuka ule mkutano wa ukumbi wa mtaa? Serikali kuu ilitaka pesa za bima ya hospitali, zile ulizokatwa kwenye mshahara kule kiwanda cha blanketi, Industrial Area, ziende zote hospitali kubwa mjini. Kliniki yetu ya baraza la jiji isipate hata senti ya kununua pamba. Baraza likakataa katakata. Diwani wetu akapita mlango kwa mlango: njooni mpinge, bwana wa bima kutoka serikalini anakuja kusikia maoni yenu.

Wewe ukasikia neno moja tu: anakuja.

Ai, Mama! Natoka sokoni nakuta umekusanya kina mama wa kanisa, leso mpya viunoni. Bwana wa watu hajashuka garini vizuri, vigelegele! Mkamwimbia mpaka ndani. Halafu ukamkabidhi jogoo. Jogoo wetu yule mwekundu, niliyemfuga kwa ajili ya Krismasi! Diwani alibaki mdomo wazi.

"Mama, huyu ni mtu wa kupingwa," nikakunong'oneza.

"Tutampinga akishakaribishwa. Kwani sisi hatukulelewa? Mgeni njoo, mwenyeji apone."

Na kweli mlimpinga. Ulisimama ukamwambia uchungu haungoji basi la kwenda mjini, na kwamba watoto wako wote walizaliwa kliniki ile. Ulisema vizuri, nilijivunia. Akaitikia kwa kichwa, akashukuru, akaondoka na jogoo. Wiki iliyofuata redio ikatangaza kwamba wakazi wa mtaa wetu wameupokea mpango mpya kwa nyimbo na zawadi. Kwa nyimbo na zawadi! Kila mara diwani akifungua mdomo kupinga, serikali inamrudishia hayo.

"Mimi nilimpa kuku, sikumpa kliniki," ukasema, ukaendelea kukata majani ya sukuma wiki. Nilitaka kucheka, nilitaka kulia, nikakupokea kisu tu.

Pesa zikahamishwa. Baraza linapinga hadi leo, serikali haisikii, na wakunga wakaondoka mmoja mmoja mpaka mlango wa kliniki ukatiwa kufuli. Kifua kilipokubana tulikukimbiza hospitali kubwa, kadi ya bima mkononi. Ulifia kwenye benchi ukingoja kuitwa. Miaka yote ile ya kukatwa mshahara! Sisamehi, na usiniambie nisamehe.

Sasa mimi ni mjamzito, Mama. Mimba ya kwanza, na imefika mwezi wake. Kila mtu ananiambia nipange gari la kwenda mjini. Mume wangu ameniomba kwa upole, hata yeye nimemfokea. Ningekuwa nawe ungenikanda mgongo na kunifokea mimi. Nimekukosa mno.

Mkunga aliyenipokea mimi amestaafu, lakini bado anaishi nyuma ya kliniki. Nimemwomba, amekubali. Uchungu ukinishika nitalala pale pale kwenye veranda, mbele ya kufuli lao, mchana kweupe watu wote wakiona. Anayetaka nikazalie mjini, aje anibebe mtoto akiwa nusu nje.

Lala, Mama. Kugombana niachie mimi.

Binti yako, kitindamimba