Mkono wa Baba Chiriku

4 Machi

Mwanangu mpenzi,

Salamu nyingi, natumaini barua hii inakukuta mzima. Sisi tupo, ila si wa kusifiwa. Usicheke mwandiko, naandika kwa kushoto. Jumanne niliteleza bafuni, mkono wa kulia ukavunjika, na plasta yenyewe imenifika kiwikoni.

Najua unachotaka kuuliza: kifua cha Chiriku nani anakigonga makohozi yatoke? Nimejaribu kwa kushoto, ni kama nampangusa vumbi. Jirani alikubali asubuhi moja, lakini binti yako alipotoa yale makohozi mazito kama gundi, mwenzangu akarudi kinyumenyume mpaka mlangoni. Nikamweleza mpaka mate yakanikauka kwamba mtoto kazaliwa nao ugonjwa huu na hauambukizi. Hajarudi.

Baba yake Chiriku amesikia. Alikuja jana akasimama nje, hakuthubutu kuvuka kizingiti. Anasema bado anakanda unga kule bekari, mikono ina nguvu, nimruhusu aje asubuhi na jioni amgonge mtoto. Sijamjibu. Nakuuliza wewe kwanza.

Mama yako


15 Machi

Mama,

Shikamoo. Pole sana na mkono, na usianze kufua kwa ubishi wako. Mimi mzima, cherehani za hapa kiwandani bado hazijanila vidole.

Hapana. Asimguse mwanangu. Wewe ndiye uliyenifungulia mlango siku ile, jicho limefumba kwa kipigo chake, Chiriku mgongoni analia. Mikono ileile leo ndiyo imekuwa ya kuuguza? Mwombe yule dada wa mazoezi hospitalini akutafutie mtu mwingine. Ningekuja mwenyewe, lakini mkataba hauishi mpaka Agosti, na nikiuvunja dawa zake zitatoka wapi? Nimesema hapana, Mama, tafadhali usinibembeleze.

Mwanao


2 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Nimekutii. Dada wa mazoezi hana mtu wa kutuma majumbani, alitusaidia siku za kliniki tu. Chiriku akaanza homa, akasusa chakula, halafu akanyamaza, mtoto ambaye hata usingizini huongea. Juzi midomo ikawa ya kijivu, nikambeba kwa mkono mmoja mpaka barabarani, na tukalazwa.

Picha imeonyesha pafu la kushoto limeziba upande wa chini. Daktari anasema sehemu ile imekufa, haitafunguka tena, na iliyobaki itaishi kwa kugongwa kila siku. Sikulaumu. Nami nina akili zangu, ningeweza kukaidi. Nakwambia tu kwamba plasta yangu bado iko palepale, na kwamba yule bwana kila akitoka kazini anakuja kukaa kwenye benchi nje ya wodi. Hajaomba kuingia.

Mama yako


11 Aprili

Mama,

Shikamoo. Barua yako niliisomea chooni, maana msimamizi hataki machozi kwenye kitambaa cha watu.

Basi aje. Haya ninayoandika msomee, barua yenyewe usimpe. Mtoto awe hajala. Alale kwa ubavu juu ya mito, kitambaa chepesi juu ya ngozi. Akunje kiganja kama anayeteka maji, agonge juu ya mbavu, asiguse uti wa mgongo wala tumbo. Kisha amwache akohoe ateme. Mlio uwe mzito, bo, bo, bo. Ukisikia mlio mwembamba, kiganja kimenyooka, hilo ni kofi, mtoe nje hapohapo. Mlio huo naujua kuliko daktari yeyote.

Usitoke chumbani, hata sufuria ikiungua iache iungue. Na asinitumie salamu.

Mwanao


6 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Afya yangu si haba, plasta wameitoa ila mkono umekuwa mwembamba kama wa kuazima, haujaweza kazi.

Tumerudi nyumbani, naye baba yake anakuja kila siku. Ananawa mpaka viwikoni, anakunja kiganja kama ulivyoagiza, haongei mpaka aongeleshwe. Chiriku anatema kwenye kopo lake, anakula, na kelele zimerudi, mpaka namwomba anipumzishe masikio. Mimi nimekaa kwenye kigoda, sijatoka hata mara moja. Sikufichi, namchukia hata ninapommiminia chai.

Daktari amepiga picha nyingine. Pafu la kushoto ni vilevile, na la kulia limeanza kuwa na doa. Hakutaja miaka iliyobaki, nami sikumuuliza.

Sasa kuna jambo. Jana baba yake alipoondoka, Chiriku alinipandia mapajani akaniuliza, "Bibi, kumbe Mama naye alikuwa anaumwa kifua?" Nikamuuliza kayatoa wapi hayo. Akasema, "Nakumbuka Baba alikuwa anampigapiga."

Nikamwambia nitakuuliza wewe. Leo asubuhi tayari ameshadai majibu yako. Nimwambie nini?

Mama yako


20 Mei

Mama,

Shikamoo. Mimi mzima wa mwili.

Mwambie ndiyo. Mwambie Mama alikuwa anaumwa sana, na sasa amepona.

Akiwa mtu mzima nitamkalisha nimwambie ukweli wote, na atanikasirikia kwa kumdanganya. Namwomba Mungu atufikishe kwenye shida hiyo.

Mwanao